TrustMark: programu huria ya kupachika alama fiche kwenye picha, na kazi ambayo kweli inaiweza

Picha ikishatumwa kwa WhatsApp, jina la aliyeipiga halisafiri nayo. Taarifa zilizoandikwa ndani ya faili, yaani jina la mpiga picha, tarehe, kamera na masharti ya matumizi, hufutwa pale picha inapobanwa ili iende haraka, na nembo iliyowekwa pembeni hukatwa na mtu wa kwanza anayeona inamharibia mandhari. Hata nembo iliyotandazwa katikati si kinga ya kutegemewa, kwani mwaka 2017 watafiti wa Google, Tali Dekel na wenzake, walionyesha kwamba nembo moja inayorudiwa kwenye picha nyingi inaweza kukadiriwa na kompyuta na kuondolewa bila mkono wa mtu kuhusika, na tangu hapo zana za akili mnemba zimeifanya kazi hiyo iwe ya sekunde chache. Kwa wapiga picha wa harusi, wa mpira na wa habari katika miji yetu, ambao kazi yao huanza kuzunguka kwenye magrupu kabla hata malipo hayajakamilika, hili ni suala la riziki.

Ndiyo maana nimeitumia na kuichunguza kwa makini TrustMark, programu inayopachika alama isiyoonekana ndani ya pikseli zenyewe, yaani vidoti vinavyoiunda picha, ambamo haifutiki pamoja na taarifa za faili wala haikatiki pamoja na kona. Imetengenezwa na watafiti wa Adobe na Chuo Kikuu cha Surrey cha Uingereza, Tu Bui, Shruti Agarwal na John Collomosse, na andiko lao la kwanza kuihusu lilitoka Novemba 2023. Ni programu huria yenye leseni ya MIT, kwa hiyo unaweza kuitumia hata kwa biashara bila kulipa chochote na bila kumwomba mtu ruhusa.

Ili kuipima kwa haki, lazima kwanza kueleza ugumu wa kazi yenyewe. Njia rahisi kuliko zote ya kuficha ujumbe kwenye picha ni kubadilisha biti ya mwisho ya kila pikseli, yaani ile 0 au 1 yenye uzito mdogo kuliko zote katika namba ya rangi yake, mabadiliko madogo mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuyaona. Kasoro yake ni kwamba kile ambacho jicho halikioni ndicho hasa ambacho mfumo wa kubana picha wa JPEG umebuniwa kukitupa, hivyo picha ikihifadhiwa upya mara moja tu ujumbe wote unapotea. Mwaka 1997 Ingemar Cox na wenzake watatu walichapisha hoja iliyogeuza uwanja huu mzima: alama inayotakiwa idumu lazima iwekwe katika sehemu zile za picha ambazo zikiharibiwa picha yenyewe inaharibika, na wao waliisambaza alama yao katika viwango 1000 vikubwa zaidi vya masafa ya picha. Mwaka huohuo Fabien Petitcolas wa Cambridge alitoa programu iitwayo StirMark, ambayo huivuta, kuipinda na kuizungusha picha kidogo sana, kiasi ambacho mtazamaji hagundui, na alama nyingi zilizokuwa zikiuzwa wakati huo zilishindwa kusomeka baada ya kupita humo. Tangu siku hizo kila mtengenezaji wa alama fiche anavutwa na mambo matatu yanayopingana: alama isionekane, ihimili misukosuko, na ibebe ujumbe wa kutosha. Ukiongeza kimoja, lazima upunguze kingine.

TrustMark inafuata njia iliyofunguliwa mwaka 2018 na watafiti wa Stanford kwa kazi yao iliyoitwa HiDDeN, ambapo mitandao miwili ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, hufundishwa pamoja, mmoja kupachika ujumbe na mwingine kuusoma, na katikati yao picha huchafuliwa makusudi kwa kubanwa, kutiwa ukungu, kubadilishwa rangi na mengine ya namna hiyo, mpaka wote wawili wajifunze kuelewana licha ya uchafuzi. Ubunifu wa TrustMark ulionivutia zaidi uko kwenye namna inavyoshughulika na picha kubwa. Picha ya kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 hupunguzwa kwanza hadi 256 kwa 256, alama hupachikwa kwenye nakala hiyo ndogo, kisha ile tofauti tu kati ya nakala ndogo kabla na baada ya kupachikwa hukuzwa hadi ukubwa wa awali na kujumlishwa kwenye picha halisi. Picha yako haipunguzwi wala haichorwi upya, bali hubaki na ukali wake wote ikiwa imeongezewa utando mwembamba sana. Kwa kuwa utando huo umetandazwa juu ya picha nzima kwa mawimbi mapana, kuipunguza picha baadaye hakuumizi sana, kwa sababu msomaji naye huipunguza vilevile kabla ya kusoma.

Usakinishaji unahitaji mtu asiyeogopa kuandika amri chache kwenye kompyuta. TrustMark hupatikana kama kifurushi cha lugha ya programu ya Python na hutegemea PyTorch, zana ya kuendeshea mitandao ya neva, na hapa natoa tahadhari kwa anayenunua bando: mzigo wa kupakua ni wa mamia ya megabaiti, na ukiiacha kompyuta ichague yenyewe inaweza kukuletea toleo la PyTorch lililokusudiwa kadi kubwa za michoro, ambalo ni zito zaidi na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida halina faida yoyote. Chagua toleo la kichakataji cha kawaida (CPU) kabla ya kuanza. Mara ya kwanza unapoiendesha, programu hupakua pia faili za mitandao yake ya neva, na baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti kabisa, jambo ambalo nalihesabu kuwa sifa kubwa, kwani picha za wateja hazitoki kwenye mashine yako kwenda kwa mtu mwingine.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Unaipa picha na ujumbe, nayo inakurudishia picha iliyopachikwa, na wakati wa kusoma inakupa majibu matatu kwa pamoja: ujumbe uliosomeka, ndiyo au hapana kuhusu kuwapo kwa alama, na namba inayoonyesha ni mpangilio upi uliotumika kulinda ujumbe huo. Jibu la pili ndilo lenye thamani kuliko yote. Zana nyingi za zamani hukurudishia herufi tu, hata kama picha haikuwahi kuwa na alama, na kukuachia wewe kubahatisha kama herufi hizo zina maana au ni takataka.

Suala la mpangilio linastahili kufafanuliwa kwa kina, kwa sababu hapo ndipo nadhani watumiaji wengi watachagua vibaya. Alama nzima ya TrustMark ina biti 100, ambazo 4 kati yake hutaja mpangilio, na 96 zilizobaki hugawanywa kati ya ujumbe wako na biti za ukaguzi zinazosahihisha makosa. Mpangilio uitwao BCH_3 unakupa biti 75 za ujumbe, lakini unavumilia makosa 3 tu. BCH_5 unakupa biti 61 na kuvumilia makosa 5. Na BCH_SUPER unakupa biti 40 na kuvumilia makosa 8. Kishawishi ni kuchukua nafasi kubwa zaidi ili uandike jina lako ndani ya picha, kwa kuwa kila herufi inahitaji biti 7 na biti 75 zinatosha herufi 10. Mimi nashauri kinyume chake. Jina ndani ya alama halikusaidii kitu, maana yeyote anaweza kupachika jina lolote, wakati biti 40 zinatosha kuipa kila picha namba yake ya pekee kwa zaidi ya picha trilioni 1, kiasi ambacho hakuna studio wala gazeti litakaloweza kukimaliza. Biti unazoziacha ndizo zinazofanya namba isomeke baada ya picha kupigwapigwa huku na huko, na ndizo pia zinazopunguza uwezekano wa picha isiyo na alama kusomwa kimakosa kuwa inayo. Kwa mtu anayekusudia kumwandikia mhariri na kumwambia kuwa picha hii ni yangu, kosa hilo la pili ni baya kuliko kushindwa kusoma.

Je, alama inaonekana? Watafiti wake wanataja kiwango cha PSNR, kipimo cha jinsi picha mbili zinavyokaribiana, cha zaidi ya desibeli 43, na kwa kawaida kiwango kikizidi desibeli 40 tofauti huwa ngumu kutambuliwa kwa jicho. Namba hiyo ni wastani, na wastani huficha mahali penye shida, kwa hiyo niliona ni bora kutazama kwa macho yangu. Picha mbili za bwana harusi aliyesimama mbele ya mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, moja ya awali na nyingine iliyopachikwa, nilizifungua juu kwa juu na kuzibadilishabadilisha zikiwa zimekuzwa mara nne. Kwenye nakshi za mlango, kwenye darizi za kofia na kwenye majani ya mwarobaini nyuma yake, hakuna kilichobadilika ambacho ningeweza kukiwekea kidole. Kwenye kifua cha kanzu nyeupe na kwenye kipande cha anga tupu juu ya paa, ukizibadilisha haraka unaona kivuli chepesi kikitikisika, kisha ukisimama kwenye picha moja hukioni tena. Ndivyo ilivyo kwa kila alama fiche: penye mikunjo na nakshi inapata pa kujificha, penye rangi moja tupu haina pa kwenda. TrustMark inakupa njia mbili za kulishughulikia hilo. Kuna kipimo cha nguvu ya alama unachoweza kukishusha, na kuna aina kadhaa za mtandao wa kuchagua: Q ndiyo ya kawaida inayopatanisha pande zote, C ni ndogo na nyepesi, na P imekusudiwa wale ambao mwonekano ndio kila kitu kwao. Kwa kazi ya kuchapishwa kwenye karatasi kubwa au kuwekwa kwenye maonyesho ningechukua P. Kwa picha za kila siku za mtandaoni Q inatosha na kuzidi.

Katika safari za kawaida za picha ndipo programu hii inapolipa taabu ya kuisakinisha. Picha zilizopita WhatsApp na kurudi, zilizohifadhiwa upya kwa JPEG ya ubora wa chini, zilizopunguzwa hadi ukubwa wa kuweka kwenye tovuti, na zilizoongezwa mwanga na kukolezwa rangi kwa vichujio vya simu, zilisomeka na namba zake zikiwa kamili. Ukilinganisha na zana huria ya zamani kidogo iitwayo invisible-watermark, ambayo wengi waliifahamu ilipowekwa ndani ya Stable Diffusion, programu ya kuzalisha picha, mwaka 2022, tofauti ni kubwa, kwa sababu njia ya kawaida ya zana hiyo inahimili kubanwa kwa JPEG lakini kupunguzwa ukubwa au kukatwa huivunja, na hakuna picha inayozunguka mitandaoni kwetu ambayo haijapunguzwa ukubwa.

Picha ya skrini inahitaji uangalifu kidogo. Mtu anapopiga skrinishoti ya picha yako iliyopo kwenye status, faili linalopatikana lina jina la mtu juu, vitufe chini na mikanda myeusi pembeni, na msomaji wa TrustMark, ambaye huitazama picha nzima kama kitu kimoja, huvurugwa na vitu hivyo vya ziada. Dawa ni kuikata skrinishoti kwa uangalifu ibaki picha peke yake kabla ya kuisoma. Kukata ndani ya picha yenyewe ni jambo jingine: kipande kidogo cha kingo hakina madhara makubwa, lakini mtu akichomoa uso mmoja kutoka kwenye picha ya watu ishirini, usitarajie namba kutoka humo. Picha ndefu za mandhari, ambazo upande mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine, nazo zina utaratibu wake, kwani alama huwekwa kwenye mraba wa katikati tu na kuziacha kingo bila kitu. Anayepiga picha za ufukwe mzima kwa mkupuo mmoja na alijue hilo kabla hajazisambaza.

Sasa nije kwenye jambo linalohitaji kusemwa kwa uwazi zaidi, kwa sababu nimeona watu wakizisifu alama fiche kana kwamba ni kufuli. TrustMark si kufuli. Mitandao yake ya kupachika na kusoma iko hadharani, na kifurushi hichohicho kina mtandao wa tatu ambao kazi yake ni kuiondoa alama na kurudisha picha karibu na ilivyokuwa, kitu ambacho waundaji walikiweka ili mwenye picha aweze kuondoa alama ya zamani na kupachika mpya bila kurundika utando juu ya utando. Mtu mwenye ujuzi na nia mbaya anaweza kukitumia vilevile. Na hata pasingekuwapo mtandao huo, Xuandong Zhao na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba picha ikiongezewa chembechembe za kelele na kisha kuchorwa upya na mtandao unaozalisha picha, alama fiche zisizoonekana za aina mbalimbali zinaweza kuondolewa huku picha ikibaki nzuri. Google DeepMind, waliotoa alama fiche yao iitwayo SynthID mwezi Agosti 2023 kwa picha zinazozalishwa na mifumo yao, walichagua njia ya kutoweka hadharani mtandao wao wa picha, na usiri huo unampunguzia mshambuliaji nafasi ya kujaribu, lakini unamnyima pia mpiga picha wa Mombasa au Bujumbura uwezo wa kuutumia kwenye kazi zake mwenyewe. Kati ya hayo mawili, mimi naupendelea uwazi, kwa sharti kwamba mtumiaji ajue anachokipata.

Anachokipata ni namba inayodumu mikononi mwa watu wasiojishughulisha kuifuta, na hao ndio karibu wote. Anayepakua picha na kuiweka kwenye ukurasa wa duka lake, mhariri anayeichukua kutoka kwenye grupu akidhani haina mwenyewe, kijana anayeibandika kwenye tangazo la ukumbi: hakuna hata mmoja kati yao anayeendesha mtandao wa neva ili kufuta alama asiyoijua. Lakini namba ya gari haikutajii mwenye gari mpaka uende kwenye daftari la usajili, na namba ya TrustMark ni hivyohivyo. Kazi halisi iko kwenye daftari: kila namba iwe na mstari wake unaotaja picha, tarehe, mteja, masharti ya matumizi na mahali lilipo faili ghafi la kamera. Faili ghafi ndilo lenye uzito pale ubishi unapozuka, kwa kuwa mwizi anaweza kupachika namba yake juu ya picha yako, lakini hawezi kuitoa ile nakala ya kwanza isiyobanwa, yenye kingo ambazo hazikuwahi kuchapishwa.

Daftari hilo lina nguvu zaidi likishikamana na taasisi. Kenya, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo, ina rejista ya kazi za ubunifu inayopatikana mtandaoni, na Tanzania, COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya huko, husajili kazi za wabunifu. Mpiga picha aliyesajili kazi zake huko na kuweka namba ya alama kwenye kumbukumbu zake ana mnyororo unaoeleweka na wakili asiyejua lolote kuhusu pikseli. Ipo pia hoja ya kisheria ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha: kifungu cha 12 cha Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO (Shirika la Dunia la Miliki Ubunifu) wa mwaka 1996 kinazitaka nchi wanachama ziweke hatua dhidi ya mtu anayeondoa kwa kujua taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki, na taarifa hizo hazifafanuliwi kuwa maandishi yanayoonekana tu, bali ni pamoja na namba au kodi inayowakilisha taarifa hizo. Alama fiche iliyounganishwa na daftari inaingia humo vizuri kuliko nembo ya pembeni.

Kwa matumizi haya, TrustMark inafaa, na naipendekeza bila kusita kwa studio zenye picha nyingi, vyumba vya habari, na hasa makumbusho na nyumba za nyaraka zinazoanza kuweka picha zao za zamani mtandaoni, ambazo zina daftari tayari na zinakosa tu kitu cha kuifunga picha kwenye daftari hilo. Kwa mpiga picha mmoja asiye na kompyuta, au anayetarajia kwamba alama pekee itamshindia kesi, siipendekezi kwa sasa. Kinachokosekana zaidi ni upande wa kusoma. Hazina ya mtandaoni inayohifadhi msimbo wa programu hii ina toleo la JavaScript linaloweza kuisoma alama ndani ya kivinjari, kwa hiyo msingi wa kutengeneza ukurasa wa Kiswahili upo tayari, ukurasa ambao mhariri wa zamu ataiweka picha aliyotumiwa, ataiona namba, na atajua ampigie nani simu kabla gazeti halijaenda mitamboni. Chama chochote cha wapiga picha chenye mtaalamu mmoja wa programu kinaweza kuianza kazi hiyo, na ningefurahi sana kuona kimoja kikiianza.